Siku Mbili za Kula na Kutembea Katikati ya Dar es Salaam

Sheria za nchi yetu humwita mnunuzi wa bidhaa au huduma yoyote kwa jina la mlaji, hata kama alichonunua ni godoro au tiketi ya treni. Wapo wasomaji wanaotuambia kwamba jina hilo linawachekesha. Katika makala haya halitamchekesha mtu, kwa kuwa tunamzungumzia mlaji anayekwenda kula kwelikweli: mtu aliyejinyima kwa miezi kadhaa, akaweka akiba kidogo, na sasa anataka kuipeleka familia yake Dar es Salaam kwa siku mbili, wale vizuri, watembee, waione bahari, kisha Jumapili jioni warejee nyumbani bila deni.

Safari ya namna hiyo imekuwa nyepesi tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Stesheni ipo katikati ya jiji, na mtu mwenye afya anaweza kutoka hapo akafika Kariakoo au Kivukoni kwa miguu. Pamoja na wepesi huo, malalamiko nayo yameanza kutufikia. Baba mmoja mkazi wa Morogoro alitueleza jinsi alivyowapeleka mkewe na watoto wawili kula samaki mahali fulani karibu na bahari. Walionyeshwa samaki, wakamchagua, wakakaangiwa, wakala wakafurahi. Bili ilipokuja ilikuwa shilingi 60,000, naye alikuwa ametenga shilingi 25,000 kwa mlo huo. Alilipa kwa fedha ya nauli ya kurudi, na familia ikalala usiku wa pili kwa ndugu ambaye hakuwa ametazamia wageni.

Tulimuuliza kama aliulizia bei kabla samaki hajaingia katika mafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliona aibu kuuliza mbele ya watoto, wasije wakadhani baba yao hana uwezo.

Aibu hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Wizi tunaujua na polisi wanaujua. Lakini sehemu kubwa ya fedha inayowapotea walaji katika matembezi ya mwisho wa wiki haiibiwi. Huwatoka mkononi kwa sababu bei haikutajwa mapema, na haikutajwa kwa sababu mnunuzi aliona haya kuuliza. Kwa hiyo, pamoja na kuonyesha mahali pa kula na njia za kupita, tutaonyesha pia mahali ambapo swali la bei lazima liulizwe, na namna ya kuliuliza bila kujidhalilisha.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Majira yaliyo mazuri kwa kutembea Dar es Salaam ni kuanzia Juni hadi Septemba, hali ya hewa ikiwa kavu na yenye upepo. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hulifurisha bonde la Msimbazi na mara nyingine kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Desemba hadi Februari joto ni kali, na matembezi yote yafanywe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Kariakoo na ya katikati ya jiji hufungwa mchana, lakini anayekwenda akijua hivyo hapotezi kitu. Vibaraza vinavyojaa kaimati, tambi, magimbi ya nazi na uji wa pilipili manga wakati wa kufuturu ni sababu tosha ya kusafiri.

Nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kupitia madirisha au mfumo rasmi wa Shirika la Reli. Tiketi za mwisho wa wiki huwahi kwisha, na hapo ndipo walanguzi hujitokeza. Tiketi huandikwa jina la msafiri, kwa hiyo ile iliyonunuliwa kwa mlanguzi yaweza kukuacha nje ya geti huku ukiwa umelipa zaidi ya nauli halali. Tiketi ya kurudi ikiwa mkononi, hakuna samaki atakayeweza kuila nauli yako.

Malazi yanahitaji maneno zaidi. Kariakoo, Gerezani na Kisutu zina nyumba nyingi za kulala wageni, kuanzia gesti za feni hadi hoteli za ghorofa. Picha unazoonyeshwa kwenye simu huenda zilipigwa siku ya ufunguzi. Unapopiga simu, uliza bei ya chumba kwa usiku mmoja ikiwa na kodi zote ndani yake, uliza kama kifungua kinywa kimo, maji hutoka saa ngapi, umeme ukikatika kuna jenereta, na fedha hurudishwaje ukiahirisha safari. Bei utajiwe kwa shilingi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hivyo anayekwambia chumba ni dola kadhaa anapaswa kukumbushwa, kwa upole, kwamba yuko Tanzania.

Ukitakiwa kulipa malipo ya awali, usikubali kutuma kwenye namba ya mtu binafsi uliyopewa na mtu usiyemjua. Omba namba ya malipo ya biashara, na kabla ya kuingiza namba ya siri lisome jina linalojitokeza kwenye simu. Likiwa si la nyumba hiyo, sitisha. Na ukiambiwa “tuma na ya kutolea”, fahamu kwamba bei imepanda. Ijumlishe gharama hiyo katika hesabu yako, au ukatae.

Kuhusu fedha ya matumizi, ushauri wetu ni wa kizamani: bahasha. Bahasha ya malazi, bahasha ya chakula, bahasha ya usafiri na viingilio, na ya nne ndogo ya dharura ambayo mama au baba ataitunza bila kuwaambia watoto. Bahasha ya chakula igawanywe kwa milo, nayo si mingi, kwani kwa siku mbili haizidi sita. Mlo mmoja kati ya hiyo uteuliwe kuwa mlo mkuu, upewe fungu kubwa, na mitano iliyobaki iwe ya kawaida. Dar es Salaam ina baraka ya kwamba milo ya kawaida ndiyo mara nyingi huwa mitamu zaidi.

Jumamosi asubuhi Kariakoo

Jina Kariakoo limetokana na Kikosi cha Wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka eneo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ulimi wa wenyeji uliligeuza jina likawa letu. Jengo la soko lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake limebebwa na nguzo zilizochanua juu kama miavuli mikubwa, ambazo zilikusudiwa pia kuyakusanya maji ya mvua, na chini yake kuna ghorofa ya ardhini ambayo wafanyabiashara huiita Shimoni. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua, ndipo Serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni yake. Hata asiyenunua kitu asiondoke Kariakoo bila kusimama kidogo kuzitazama nguzo zile.

Fika mapema, saa 1 au saa 2 asubuhi, kabla mitaa ya Kongo, Msimbazi na Sikukuu haijafurika watu na mikokoteni. Anza na kifungua kinywa. Katika vichochoro vinavyolizunguka soko utakuta supu ya mbuzi na ya ng'ombe, chapati za kusukuma, vitumbua vinavyotoka kikaangoni, maandazi, mihogo na chai ya tangawizi. Kwa mama lishe bei hutajwa bila kinyongo, kwa kuwa wateja wake wa kila siku ni wapagazi na wauza duka wanaoijua kila senti. Uliza hivi: “Mama, supu bakuli bei gani, na chapati moja je?” Sentensi hiyo haijawahi kumwaibisha mtu Kariakoo. Anayeonekana mgeni ni yule anayeketi bila kuuliza.

Usafi wa chakula mtaupima kwa macho. Tazama kama chakula kinachemka au kimepoa, kama kimefunikwa, kama kuna maji ya kunawa yanayotiririka, na kama mkono unaopokea fedha ndio huohuo unaoshika chapati. Msururu wa wateja ni dalili njema, kwa sababu chungu kinachoisha haraka hakipati nafasi ya kuchacha. Kachumbari, barafu na juisi za kukamua ndivyo vitu vya kuviangalia kwa jicho kali zaidi, kwani havipiti motoni. Wakazi wa jiji wanaikumbuka kipindupindu ya mwaka 2015. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa, yenye alama ya ubora ya TBS, na ukivunja kizibo usikie mlio wake.

Sasa tumfikie mtu ambaye mgeni wa Kariakoo hukutana naye kabla hajakutana na muuzaji, naye ni winga. Winga ni kijana anayesimama njiani, anakuuliza unatafuta nini, anakuongoza hadi dukani, na pengine anakubebea mzigo. Wapo mawinga waaminifu wanaoijua Kariakoo kuliko ramani yoyote, na wanamwokolea mtu nusu siku ya kuzunguka. Ila duka lile si lake. Ujira wake umo ndani ya bei utakayotajiwa, na hakuna atakayekwambia ni kiasi gani. Ukihitaji msaada wake, mwambie mwanzoni, “Nitakulipa kiasi fulani ukinifikisha, bei ya dukani nitapatana mwenyewe.” Akikataa, sema asante, endelea na safari yako. Usimwambie hata kidogo kiasi cha fedha ulicho nacho.

Bidhaa zinazofaa kununuliwa na msafiri mpenda chakula ni viungo: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari, pamoja na tende na dagaa wakavu. Viungo huuzwa kwa mizani, dagaa mara nyingi kwa kopo au sado. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ya mwaka husika. Itafute stika hiyo. Kabla iliki haijawekwa, hakikisha mshale umesimama kwenye sifuri, na kama unapimiwa pamoja na chombo, uzito wa chombo uondolewe. Iliki ni ghali, na gramu chache zinazopunjwa katika kila kipimo ni fedha nyingi kwa mwaka mzima wa muuzaji asiye mwaminifu. Beba kikapu au mfuko wako wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Utaona pia katika maduka mengi maandishi yasemayo, “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Maandishi hayo hayafuti wajibu wa muuzaji kwa bidhaa mbovu au isiyolingana na maelezo yake. Yanaweza kumkatalia aliyebadili mawazo tu, si aliyeuziwa birika linalovuja.

Kabla ya kuondoka tafuta baraza la kahawa. Kikombe kidogo cha kahawa chungu pamoja na kashata ndiyo anasa ya bei nafuu kuliko zote jijini, na ubishi wa bure huja pamoja nacho. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako Jangwani, si mbali. Mgeni ashauriwe kutotaja timu yake mpaka kikombe kimekwisha.

Mkoba uwe kifuani, simu isiwe mkononi. Kufikia saa 5 jua ni kali na msongamano umezidi, hivyo rudini mlikofikia mkapumzike.

Jioni kuelekea baharini

Kutoka Kariakoo kwenda mjini mtapita Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha eneo hilo wazi ili kuutenga mji wa Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na sasa ni bustani ambayo watu wa pande zote hupita na kupumzika. Hapo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru, na hatua chache kutoka hapo ni Mtaa wa Lumumba, unaohusishwa na siku za mwanzo za TANU, iliyoasisiwa tarehe 7 Julai 1954.

Saa 10 na nusu jioni chukueni bajaji au teksi hadi upande wa hospitali ya Aga Khan, bei mkiwa mmekubaliana kabla ya kupanda. Kama mnatumia programu ya simu, bei iliyoandikwa humo ndiyo bei. Dereva anayewaomba mfute safari ili mlipane pembeni anawaondolea kumbukumbu yote ya safari, na siku mkisahau mzigo kwenye kiti hakutakuwa na pa kuuliza.

Hapo huanza Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu unaozidi kidogo kilometa moja, likipita juu ya maji hadi upande wa Coco Beach. Lina njia ya waenda kwa miguu. Wageni wengi hutazamia kuliona jua likizama baharini. Jua la Dar es Salaam huchomoza baharini, jioni huzama nyuma ya jiji. Kwa hiyo ukiwa darajani igeukie nchi kavu: utaona mwanga wa jioni ukiangukia mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi na Daraja la Selander, na nyuma yake maghorofa yakiwasha taa. Vukeni mkiwa kundi, na muwe mmefika ng'ambo kabla ya saa 12 na nusu, giza lisiwakute njiani.

Coco Beach ni mahali pa mihogo ya kukaanga yenye chumvi, pilipili na chachandu, pamoja na mishikaki. Hapa kuna kanuni moja tu: hesabu vijiti. Mishikaki huletwa kidogo kidogo, maongezi yamekolea, na mwisho vijiti vilivyo mezani ndivyo vinavyohesabiwa, vikiwamo vya jirani aliyeondoka. Taja idadi unayoitaka, lipa, kisha agiza tena. Uliza pia kama viti vinalipiwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa yakabana sehemu kubwa ya mchanga, na watoto wasiachwe kuchezea mawimbi gizani.

Wasiopenda mchanga wana Kisutu. Katika mitaa ya Jamhuri, Zanaki na Indira Gandhi, usiku huwa na kuku wa mkaa, urojo, kachori, bhajia na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Hatutaji majina ya migahawa, kwa kuwa si kazi ya kijitabu hiki kuwapigia debe watu. Fuata moshi na msururu.

Jumapili Feri

Huu ndio mlo mkuu tunaoupendekeza, na ndio uliomponza yule baba, ingawa yeye hakula hapa.

Soko la samaki la Magogoni, ambalo kila mtu huliita Feri, liko pembeni mwa kivuko. Boti hurudi alfajiri, na saa 12 hadi saa 2 asubuhi ndiyo saa ya samaki wabichi na mnada. Changu, kolekole, nguru, pweza, ngisi na vibua hupangwa mezani au sakafuni, mnadi akipandisha bei kwa sauti ambayo mgeni huchukua muda kuielewa. Msikimbilie kunadi. Wanunuzi wengi wa mnada ni wachuuzi wanaonunua kwa wingi, na mgeni anayepandisha bei bila kujua ameongezewa nini hupata samaki na majuto. Subirini mchuuzi agawanye mafungu, mnunue kwake. Faida yake ni bei ya utulivu wenu. Siku za mbalamwezi samaki wavuliwao kwa taa, kama dagaa, hupungua, na bei zao hupanda bila hila ya mtu.

Samaki mbichi ana macho yaliyotuna na kung'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Macho yaliyozama na ukungu, harufu kali inayochoma pua, au matamvua yenye rangi ya kahawia, ni ishara za kumwacha alipo. Muuzaji hana haki ya kukasirika ukifunua matamvua, ndiyo desturi ya soko.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba huko Feri samaki mmoja hupita katika mikono mitatu, na kila mkono una bei yake. Yupo anayeuza. Yupo anayepara magamba na kutoa matumbo. Yupo anayekaanga. Mara nyingi hawa ni watu watatu tofauti wasiogawana chochote, ijapokuwa watasimama pamoja kana kwamba ni ofisi moja. Anayekuuzia samaki akasema “twende huku wakukaangie”, hajasema kwamba kukaanga kumo katika bei. Basi muulize kila mmoja, na umuulize kabla kisu hakijagusa samaki: “Huyu kumpara ni shilingi ngapi? Kumkaanga je, na mafuta na chumvi vikiwamo?” Jumlisha tarakimu hizo tatu kwa sauti, watu wote wakisikia. Ikizidi bahasha, chagua samaki mdogo zaidi au vibua, ambao kwa maoni yetu, wakikaangwa vikavu na kuliwa kwa ndimu na pilipili, hawashindwi na samaki yeyote wa fahari. Mkaanga akianza kazi, mmoja wenu abaki hapo. Samaki hufanana wakishaiva.

Hebu tulirudie swali la mgahawani, kwa kuwa huko ndiko aibu inakoelemea zaidi. Orodha ya vyakula ikisema kwamba bei ya samaki “hutegemea ukubwa”, mhudumu anawajibika kukwambia bei ya yule samaki aliyemleta mbele yako, si ya samaki kwa jumla. Mwambie amlete, ataje bei, na kama una shaka aiandike kwenye karatasi ya oda. Watoto wakikuona unafanya hivyo, wamejifunza hesabu.

Mkishakula, pandeni kivuko kwenda Kigamboni na kurudi. Kwa miaka mingi nauli ya mtu mzima asiye na chombo imekuwa shilingi 200, na kwa fedha hiyo mnapata mandhari ya bandari yote: mdomo mwembamba ambao meli kubwa hupita, mashua za wavuvi, na safu ya majengo ya Kivukoni. Kumbukeni kwamba Ikulu iko jirani, na kuipiga picha, au kuwapiga picha askari walinzi, hairuhusiwi.

Matembezi ya asubuhi hiyo ni mafupi na yana kivuli kwa sehemu kubwa. Kutoka Feri fuateni barabara ya Kivukoni bahari ikiwa kushoto kwenu, hadi kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa enzi za Wajerumani. Jumapili ibada huwa zinaendelea, hivyo anayeingia aingie kusali au asubiri. Mbele kidogo ni Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Kutoka hapo pindeni hadi Mtaa wa Samora, mwone sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani. Mwisho wa mtaa huo ni bustani ya mimea, na jirani yake Makumbusho ya Taifa, ambako limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Chukueni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima.

Tahadhari moja. Jumapili mitaa ya mjini huwa mitupu, maduka yamefungwa, na utulivu huo unaopendeza ndio anaoupenda pia mpora simu wa pikipiki. Tembeeni upande wa ndani wa njia, mbali na magari, na ramani isomwe mkiwa mmesimama ndani ya jengo.

Mambo yakienda kombo

Dai risiti. Mfanyabiashara mwenye mashine ya kielektroniki analazimika kuitoa, na mnunuzi naye kisheria anawajibika kuidai. Wafanyabiashara wadogo sana, kama mama lishe wengi, hawana mashine hiyo. Kwao ujumbe wa malipo ya simu ndio ushahidi wako, basi usiufute. Anayekupunja kwa mizani mpeleke kwa Wakala wa Vipimo. Chakula au kinywaji kilichoharibika, au chenye alama ya ubora ya kughushi, ni kazi ya Shirika la Viwango. Nauli iliyozidishwa ni ya LATRA. Aliyekudanganya kuhusu bei, ubora au aina ya bidhaa na huduma yumo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko hayo. Wizi na utapeli wa simu ni wa polisi, kwa namba 112.

Kabla ya yote, rudi ukazungumze na muuzaji au msimamizi wake, kwa staha, ukiwa na risiti mkononi. Mashauri mengi huishia hapo. Yasipoisha, andika siku hiyohiyo: mahali, saa, kilichoagizwa, bei iliyotajwa, aliyeitaja, na kiasi kilicholipwa. Kumbukumbu ya wiki mbili baadaye hubishaniwa.

Yule baba wa Morogoro hakupewa risiti, alilipa kwa fedha taslimu, na bei haikutajwa na yeyote kabla ya bili. Hatukuwa na cha kumshika nacho mwenye mgahawa. Malalamiko yake bado yamo katika faili letu, karatasi moja yenye tarehe, aina ya samaki na shilingi 60,000.